Mtego na Uzio: Maneno ya Kuelezea Mafuta ya Bonde la Ufa

Tangu mafuta yalipopatikana kando ya Ziwa Albert nchini Uganda mwaka 2006, na tena katika bonde la Lokichar huko Turkana mwaka 2012, Kiswahili kimeitwa kwenye kazi ambayo hapo zamani hakikuizoea, nayo ni kueleza jinsi mafuta yanavyofanyika na kukaa ndani ya ardhi, mahali pasipofikiwa na jicho la mtu. Mwandishi wa gazeti, msemaji wa redio, mwalimu wa jiografia, na ofisa aendaye kijijini kuzungumza na wenye mashamba, kila mmoja amelazimika kutafuta maneno, na aghalabu ameyatafuta kwa haraka. Hilo si la kulaumiwa, kwa kuwa lugha zote hukua hivyo. Walakini neno lililookotwa kwa haraka lastahili kupimwa baadaye kwa utulivu, kabla halijaota mizizi pasipofaa.

Maneno yatakayopimwa hapa ni matano: bonde la ufa, mtego, hifadhi, kisima na akiba. Yote ni maneno ya Kiswahili safi, wala hakuna hata moja lililokosewa kwa sarufi. Ila kila moja lina maisha yake ya zamani, na neno likihamia katika elimu mpya huja pamoja na mizigo yake. Swali la kuuliza ni moja tu. Msikilizaji asiyesoma elimu ya miamba, alisikiapo neno hilo, ataona picha gani moyoni mwake? Na picha hiyo, je, itamsaidia kuelewa, au itampoteza?

Ama kuhusu bonde la ufa, jina hili lina sifa ambayo haina budi kutajwa kwanza. Neno bonde peke yake humfanya mtu afikiri habari za mto: maji yamepita miaka mingi, yamekula udongo, yakaacha bonde. Bonde hili halikufanyika hivyo. J. W. Gregory, mtaalamu wa miamba aliyepita Kenya mwaka 1893 na kuandika kitabu chake mwaka 1896, alieleza ya kuwa sakafu yake imeshuka kati ya mipasuko ya nchi, wala haikuchimbwa na maji. Kiswahili kimeongeza neno ufa, na kwa neno hilo moja kimeuondoa mto katika picha. Hiyo ni kazi njema.

Lakini ufa nao una lake. Ufa wa ukutani ni mwembamba, nao u wazi. Mwenye nyumba hutazama asije mjusi akapita. Msomaji aliyepewa neno ufa, pasipo maelezo zaidi, yamkini atafikiri kwamba nchi imeachama, na kwamba mafuta yamo katika tundu hilo, chini kabisa, kama maji yaliyoingia katika mwanya wa jiwe. Picha ya kweli ni nyingine. Afikiri kitanda cha kamba kilichovunjika matendegu ya upande mmoja. Upande uliovunjika umeshuka mpaka chini, na upande wa pili umebaki juu, kitanda chote kimeinama. Ndivyo yalivyo mabonde mengi ya ufa: upande mmoja una mpasuko mkuu na genge refu, na upande wa pili nchi huteremka polepole. Lokichar ni mfano mzuri. Mpasuko wake mkuu uko magharibi, na tabaka zake zimeinamia huko.

Mwinamo huu ndio mwanzo wa habari yote ya mafuta, na maelezo yanayouruka huwa yameruka mlango. Kitu chochote kikimwagwa juu ya kitanda kile kitakusanyika upande ulioshuka. Vivyo hivyo maji ya mvua na mito hukusanyika penye sakafu ya chini, likawa ziwa. Na sakafu ikizidi kushuka, ziwa huzidi kuwa na kina hata likijazwa tope kila mwaka. Ziwa Tanganyika laonyesha jambo hilo mpaka leo. Lina kina cha mita 1,470 hivi, na kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini maji yake hayana hewa ya kutosha viumbe. Vijimea vidogo vinavyoelea juu vikifa huzama, na kule chini havipati kuoza kwa ukamilifu, kwa kuwa wadudu waozeshao nao wahitaji hewa. Hulala ndani ya tope laini, tabaka juu ya tabaka. Tope hilo likifukiwa kilomita kadha, hugeuka kuwa mwamba, nao mwamba hupashwa moto na ardhi yenyewe. Joto likifika takriban digrii 60 hadi 120, yale mabaki hugeuka mafuta; likizidi sana, huwa gesi. Na kwa kuwa ngozi ya nchi imevutwa na kuwa nyembamba penye ufa, joto la chini hupanda juu upesi kuliko mahali pengine.

Mwamba huo wa tope huitwa na waandishi wengi mwamba chanzo, na jina hilo halina kasoro. Kasoro huanza katika hatua inayofuata, yaani kuhama kwa mafuta na kuzuiwa kwake.

Kabla ya kulifikia neno mtego, yafaa kusema machache juu ya mpasuko. Atakayefasiri kwa kufuata kamusi tu, pasipo kuuliza jambo lenyewe, ataandika kosa au hitilafu, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa maana zote mbili. Mwamba haukukosea kitu. Mpasuko ni mahali ambapo mwamba umekatika na vipande viwili vimepishana, kimoja kikapanda au kingine kikashuka. Kupishana ndiko kunakoleta faida na hasara yote itakayoelezwa. Neno mpasuko lafaa, mradi mwandishi asiache kuongeza habari za kupishana.

Sasa mtego. Neno hili limetoka katika Kiingereza kwa kufasiriwa moja kwa moja, nalo limeenea. Katika Kiswahili mtego una mtegaji, una chambo, na una windo linalojiendea lenyewe kwa tamaa au kwa kutojua. Methali yasema ya kuwa mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Kwa hiyo msikilizaji akiambiwa kwamba mafuta yamenaswa katika mtego, atauliza kwa haki kabisa: nani aliyeutega? Tena atadhani kuwa mtego ni kitu kilichofyatuka mara moja, kikafunga, na kazi ikaisha. Hakuna hata moja la hayo lililo kweli.

Yaliyo kweli ni haya. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na miamba ya chini imejaa maji katika vitundu vyake. Basi mafuta yakitoka katika mwamba chanzo hupanda, chembe kwa chembe, kwa maelfu na malaki ya miaka, yakifuata mchanga wenye nafasi. Yakikuta tabaka la udongo mzito lisilopitika, hukwama chini yake na kuufuata mteremko wa tabaka hilo kwenda juu. Mwishoni huenda yakafika penye mpasuko. Kama mpasuko umepishanisha miamba hata mchanga ukagusana na udongo mzito, njia imefungwa: juu kuna kifuniko, kando kuna ukuta. Hapo mafuta husimama, na yaendelee kuja hukusanyika nyuma ya yale ya kwanza. Gesi, ikiwapo, hukaa juu, mafuta katikati, na maji chini.

Mtu wa pwani anayo picha ya jambo hili tayari, wala haikuhitaji kuletwa kwa meli. Wavuvi husimika uzio wa vijiti katika maji machache. Uzio hauna chambo wala haufyatuki. Maji yakijaa samaki huja, na maji yakitoka samaki hurudi na maji, wakakuta njia imezuiwa. Kinachowaendesha ni mwendo wa maji, na uzio umesimama tu mahali pake. Tena mvuvi ajua ya kwamba uzio wenye pengo moja haukamati kitu, hata ukiwa mrefu namna gani. Hapa pana somo ambalo neno mtego halilifundishi: kuzuia ni suala la kukamilika kwa pande zote, si la nguvu ya kunasa.

Nalo pengo si jambo la kubuni. Huko Kibiro, chini ya genge la Bunyoro kando ya Ziwa Albert, mahali panapojulikana kwa mashamba yake ya chumvi na chemchemi za maji moto, mafuta hutoka yenyewe juu ya ardhi. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya upimaji wa miamba ya Uganda, aliandika juu ya mafuta ya nchi hiyo mwaka 1925, akaorodhesha mahali 52 ambapo mafuta hujitokeza. Maelezo ya kawaida huzitaja dalili hizo kuwa ni ushahidi wa utajiri, na hayo ni kweli kwa nusu. Dalili hizo zathibitisha kuwa chanzo kipo na kinafanya kazi. Lakini kila tone linalotoka Kibiro ni tone lililopita pengoni. Mpasuko ule ule ambao mahali pengine umesiliba udongo na kuwa ukuta, hapa umevunja mawe na kuwa mlango. Mwandishi mwenye neno mtego tu hana namna ya kueleza jambo hili, kwa maana mtego ama umenasa ama haukunasa. Mwenye neno uzio anaweza kusema kwa urahisi ya kuwa uzio wavuja.

Hata hivyo haki yataka kukiri ya kuwa mtego una sifa moja. Mtego waweza kuwa mtupu, na kila mwindaji ajua hivyo. Katika bonde la Rukwa, nchini Tanzania, visima viwili vilichimbwa mwaka 1987, kimoja Ivuna na kimoja Galula. Bonde lina mipasuko, lina ziwa, lina tabaka nene za mchanga na tope. Lakini visima hivyo havikuleta mafuta ya kuuzwa. Hapana budi mambo yote yatimie pamoja na kwa zamu yake: chanzo, joto, njia, mchanga, kifuniko na ukuta. Ukuta ukijengeka baada ya mafuta kupita, umejengwa bure. Wapimaji wapelekapo mitetemo ardhini na kusikiliza mwangwi wake, wanachokiona kwanza ni umbo la miamba. Wanaweza kusema pana mahali pa kuzuilia mafuta pasipo kusema kwamba mafuta yamo. Gazeti linaloandika kwamba mtego umepatikana, na papo hapo likaanza kuhesabu fedha, limesahau maana ya neno lake lenyewe.

Neno la tatu ni hifadhi. Mwamba wa mchanga unaobeba mafuta huitwa mwamba hifadhi, na hapa lugha imejikwaa mara mbili. Kwanza, kuhifadhi ni tendo la mwenye akili: mtu huhifadhi nafaka ghalani. Pili, hifadhi ni jina la mbuga za wanyama zinazolindwa kwa sheria. Nchini Uganda sehemu ya mafuta iko chini ya mbuga ya Murchison Falls, na hivyo mwandishi hulazimika kuandika juu ya hifadhi iliyo chini ya hifadhi, ya juu ikilindwa isiguswe na ya chini ikitakiwa kutolewa. Katika mjadala mkali kama huo, neno moja halipaswi kutumika kwa pande mbili zinazopingana. Mwamba mbeba mafuta ungesema lile lile bila kuleta fujo.

Pamoja na hifadhi huja kisima, na pamoja na kisima huja ile picha inayorudiwa mara nyingi mno, yaani ziwa la mafuta chini ya ardhi. Kisima katika Kiswahili ni shimo lenye maji yaliyosimama, na mtu hushusha ndoo. Basi msikilizaji hufikiri pango kubwa lililojaa mafuta, na kazi iliyobaki ni kutoboa tu. Hakuna pango. Mafuta yamo katikati ya punje za mchanga uliogeuka jiwe. Mfugaji wa Turkana hahitaji kufundishwa jambo hili kwa mchoro. Mto ukikauka yeye huchimba mchanga wake, na maji hujikusanya polepole shimoni kutoka katika mchanga wa kandokando. Ajua kwamba maji yamo ndani ya mchanga na si chini yake. Ajua kwamba mchanga wa chenga kubwa hutoa upesi na wenye tope hutoa kwa taabu. Na ajua kwamba hata shimo likiisha kutoa, mchanga bado una unyevu usiotoka. Akiambiwa habari za Lokichar kwa mfano huo, amekwisha kuelewa nusu ya elimu ya wachimbaji. Akiambiwa ziwa la mafuta, amenyang'anywa maarifa aliyokuwa nayo.

Kisima chenyewe kina funzo la ziada huko Lokichar. Kisima cha Loperot kilichochimbwa mwaka 1992 kilikuta ule mwamba wa tope wa ziwani, mwamba chanzo, lakini hakikuleta mafuta ya kutosha biashara. Miaka 20 ikapita. Kisima cha Ngamia cha mwaka 2012 kilitobolewa karibu na mpasuko mkuu wa magharibi, upande ule ulioshuka, na hapo mchanga ulikutwa umebeba mafuta. Maelezo mengi ya Kiswahili yalisema kwamba mafuta yaligunduliwa mwaka huo, kana kwamba bahati ilianguka kutoka mbinguni. Uganda nako kisima cha kwanza kilichimbwa Waki mwaka 1938, miaka 68 kabla ya mafuta ya kuuzwa kuthibitishwa. Kugundua ni neno fupi kwa kazi ndefu.

Jambo jingine lihusulo chanzo halina budi kuelezwa, kwa sababu laingia moja kwa moja katika mfuko wa nchi. Mafuta yatokanayo na vijimea vya ziwani huwa na nta nyingi. Mafuta ya Ziwa Albert na ya Lokichar huganda katika joto la kawaida, kama mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi ya kipupwe. Ndiyo sababu bomba lililopangwa kutoka Hoima mpaka Chongoleani, karibu na Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, likatakiwa kupashwa moto njia nzima. Mtu akiuliza kwa nini bomba hilo ni la gharama, jawabu lake la kwanza liko katika ziwa lililokauka zamani za kale. Maelezo yanayotenga gharama na miamba humwacha msomaji adhani ya kwamba gharama ni siri ya wakubwa tu.

Limebaki neno akiba, nalo ndilo zito kuliko yote. Akiba haiozi, kama wasemavyo wazee. Akiba ni kitu ambacho mwenyewe amekiweka na anaweza kukichukua chote siku atakayo. Habari za Uganda husema akiba ya mapipa bilioni 6.5. Hesabu hiyo ni ya mafuta yaliyomo ndani ya mwamba. Yanayotazamiwa kutolewa ni bilioni 1.4 hivi. Tofauti ya bilioni 5 na zaidi haikuibwa na mtu. Ni ule unyevu unaobaki katika mchanga. Lakini mwananchi aliyeahidiwa akiba ya 6.5, kisha akaletewa hesabu ya 1.4, ana kila sababu ya kushuku wizi, na lugha ndiyo iliyomtia shaka hiyo.

Huko Turkana jambo hili halikubaki kuwa la kamusi. Mwezi wa Juni 2018 malori yalianza kuchukua mafuta kwenda Mombasa, na kabla mwezi haujaisha wenyeji waliyazuia barabarani, wakidai usalama, kazi na fungu lao. Sheria ya mwaka 2019 iliweka asilimia 20 kwa serikali ya kaunti na asilimia 5 kwa wenyeji, katika sehemu ya faida inayoifikia serikali. Asilimia 5 ya faida hiyo, asilimia 5 ya mafuta yatokayo, na asilimia 5 ya mafuta yaliyomo, ni vitu vitatu mbalimbali kabisa, ingawa tarakimu ni moja. Kwa hiyo yapendekezwa maneno mawili yatengwe daima: mafuta yaliyomo na mafuta yapatikanayo. Si maneno ya fahari, lakini hayadanganyi. Na kwa kuwa kilomita 1,147 za lile bomba ziko Tanzania, ambako baraza la kijiji hukaa kwa Kiswahili na mwenye shamba hutia sahihi karatasi ya fidia kwa Kiswahili, usahihi huu si anasa ya wanachuoni.

Haitakiwi kulifuta neno mtego. Limekwisha kuenea, na neno lililoenea halifutwi kwa makala moja. Linalotakiwa ni kulifundisha kwa mfano wa uzio, na kutolitaja pasipo kutaja sehemu zake. Mwalimu anaweza kusema hivi: nchi ilipasuka, sakafu ikashuka na kuinama, ziwa likakaa upande ulioshuka, viumbe wake wadogo wakafukiwa katika tope, tope likapashwa moto, likatoa mafuta, mafuta yakapanda katika mchanga mpaka yakazuiwa na udongo mzito juu na mpasuko kando, palipokosa kizuizi, yakatoka yakapotea. Hakuna neno geni hata moja humo, na mtoto wa shule ya msingi ataelewa. Kiswahili hakikupungukiwa maneno ya kueleza mafuta ya bonde la ufa. Kilichopungua ni subira ya kuuliza, kabla ya kufasiri, jambo lenyewe limekaaje.